Usiache Mbachao

Pana neno limekuwa likitembea kwa miaka kadhaa sasa. Nimelisikia madukani, nimelisikia harusini, na hata barazani kwangu limeletwa: kwamba zama za kupanga vyombo vya muziki kimoja kimoja zimekwisha. Amplifaya peke yake, redio peke yake, kinanda cha santuri peke yake, chombo cha CD peke yake, kila kimoja na waya wake na plagi yake, ati huo ni ushamba wa wazee. Mtu wa leo hununua sanduku moja. Ndani yake mna amplifaya, mna redio, mna kifaa cha kupokea muziki kwa intaneti, mna sehemu ya kugeuza tarakimu kuwa sauti, na mna kompyuta ndogo ya kuviamuru vyote hivyo. Nje ya sanduku zinabaki spika mbili na simu ya mkononi, basi.

Nakusudia kulipinga neno hilo, na nitalipinga bila kumung'unya maneno. Sanduku moja la dijitali lina mvuto, sikatai. Lakini msomaji wangu, mvuto na mvuto wa kudumu si kitu kimoja. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sina ugomvi na sanduku hilo siku linapotolewa katika boksi lake na watoto wakashangilia. Ugomvi wangu ni juu ya mwaka wake wa kumi.

Kwanza nimpe haki mwenye haki, maana hoja inayoanza kwa kumdhulumu mpinzani haifiki mbali. Mwaka 2010 kampuni ya Devialet ya mjini Paris, Ufaransa, ilitoa chombo kilichoitwa D-Premier. Kilikuwa chembamba, kimeng'arishwa kama kioo, na ndani yake mlitiwa karibu kila kitu ambacho mpenzi wa muziki alizoea kukipanga katika rafu tatu. Waliokisikiliza walikisifu kwa sauti safi, na sina sababu ya kuwabishia. Kabla ya hapo, mwaka 2009, kampuni ya Naim ya Uingereza, iliyojijengea jina kwa kuuza vyombo vilivyotengana, nayo ilitoa sanduku lake moja ikaliita Uniti. Hao si wachuuzi wa barabarani. Ni watu waliojua kazi yao, na waliona soko linaelekea wapi.

Tena, amplifaya nyingi za masanduku haya ni za daraja linaloitwa D. Wengi hudhani herufi hiyo ni kifupi cha dijitali. Sivyo, ni herufi tu iliyofuata baada ya A, B na C katika kuyataja madaraja. Amplifaya ya zamani huuachia umeme upite kidogo kidogo kama mtu anayebana bomba la maji kwa vidole, na sehemu kubwa ya nguvu hupotea kuwa joto. Ya daraja la D huwasha na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha kichujio kidogo hulainisha mapigo hayo yakawa sauti. Ikiwa kazini sawasawa, yaweza kutumia vizuri karibu asilimia 90 ya umeme inaoupokea. Kwa mtu anayetegemea sola, au anayehesabu uniti za luku kila jioni, hilo si jambo dogo. Ningekuwa kijana anayeanza maisha katika chumba kimoja cha kupanga Manzese, nami ningelitazama sanduku kama hilo kwa matamanio.

Haki nimeitoa. Sasa tuingie shambani.

Hoja yangu ni moja, na ni nyepesi kuishika. Kila sehemu ya chombo cha muziki ina umri wake. Ukizifunga pamoja sehemu zenye umri mbalimbali katika sanduku moja, umezipa zote umri wa ile inayokufa mapema. Jahazi halizami kwa sababu mbao zake zote zimeoza. Ubao mmoja watosha.

Hebu tuzihesabu sehemu hizo. Transfoma nzuri, isipounguzwa, yaweza kumzika mwenyewe. Transista za kutoa sauti, zikiwa na chuma cha kupoza joto cha kutosha, hupita miaka 30 au 40 bila malalamiko. Kapasita kubwa hukauka baada ya miaka 20 au 30, lakini ni kitu cha kununua dukani na kulehemu mchana mmoja. Kitufe cha sauti hukwaruza kwa vumbi. Hupuliziwa dawa kikapona. Mpira wa pembeni mwa spika huliwa na hewa ya pwani, hubandikwa mwingine. Jicho la leza la chombo cha CD huchoka mapema zaidi, na mkanda wa mpira wa deki ya kaseti mapema zaidi ya hapo.

Sasa tazama sehemu ya intaneti. Hiyo hali yake ni ya ajabu, kwa sababu haichakai. Chipu zake zinaweza kuwa nzima kabisa, hazina vumbi wala kutu, nayo ikawa imekufa. Huachwa njiani. Programu iliyomo ndani yake imeandikwa ili izungumze na kompyuta fulani iliyo nchi fulani, ya kampuni fulani. Siku kompyuta ile inapobadilisha lugha, au kampuni inapofunga mlango, chombo chako kinabaki kama mtu anayepiga hodi katika nyumba waliyohama. Umri wa sehemu hiyo ni miaka mitano, saba, kumi ukibahatika. Na wewe umeifunga kwa skrubu pamoja na amplifaya ya miaka 40.

Mtu ataniambia natisha watu kwa mambo ya kufikirika. Nitataja yaliyotokea.

Mwaka 2006 kampuni ya Logitech iliinunua kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya Squeezebox vya kupokea muziki kwa mtandao. Vilipendwa sana. Mwaka 2012 utengenezaji ulisimamishwa, na mwaka 2024 kompyuta ya kampuni iliyokuwa ikivihudumia ikazimwa. Vilivyonusurika viliokolewa na watu waliojitolea kuendeleza programu yake bila malipo. Kampuni ilikuwa imekwisha nawa mikono.

Mwezi Januari 2020 kampuni ya Sonos ya Marekani ilitangaza kwamba vyombo vyake vya zamani havitapata tena masasisho ya programu kuanzia Mei mwaka huo. Miongoni mwake ilikuwamo Connect:Amp, yaani amplifaya ya sanduku moja, na vingine vilikuwa vimeuzwa hadi mwaka 2015. Wenye mali walipiga kelele hata mkuu wa kampuni akaandika barua ya kuomba radhi, na baadaye mwaka huohuo mfumo ukagawanywa pande mbili, vya zamani huku na vipya kule. Angalia jambo hili kwa utulivu: amplifaya iliyomo ndani ya Connect:Amp haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inakuza sauti Januari kama ilivyokuwa ikikuza Desemba.

Au tuchukue mfano wa kinyume, ambao naupenda zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Google ilitoa kifaa kidogo cha duara kiitwacho Chromecast Audio, cha dola 35, cha kuchomeka nyuma ya amplifaya yoyote ili ipokee muziki wa intaneti. Mapema mwaka 2019 utengenezaji ulikoma. Mwezi Machi 2025 vifaa hivyo vikagoma kwa siku kadhaa ulimwenguni kote, kwa sababu cheti cha kielektroniki kilichowekwa ndani yake kilikuwa na uhai wa miaka kumi na kikaisha, kama pasipoti. Kampuni ikavirekebisha. Lakini hata isingevirekebisha, mwenye kifaa angepoteza nini? Kifaa cha dola 35. Angekichomoa, akachomeka kingine, na amplifaya yake isingejua kwamba kuna msiba. Hiyo ndiyo maana ya kutenganisha: mgonjwa hulazwa peke yake, haambukizi nyumba nzima.

Sisi wa Tanzania hatuna haja ya kufundishwa somo hili na Wazungu. Tulilisoma kwa pesa zetu wenyewe. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Televisheni zile kubwa za mgongo, zilizokuwa zimejaa majumbani, zilinyamaza. Je, tulizitupa jalalani? La hasha. Tulinunua king'amuzi, tukakiweka juu ya televisheni au chini yake, tukachomeka zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, na taarifa ya habari ikaendelea. King'amuzi kilipopitwa na wakati tulinunua king'amuzi kingine. Televisheni ileile ilihudumiwa na ving'amuzi viwili, vitatu. Sasa nawauliza wanaocheka waya zangu: ingekuwaje kama televisheni ile isingekuwa na tundu nyuma? King'amuzi ni chombo kilichotengana. Kila nyumba iliyokuwa nacho ilikuwa ikiishi kwa hoja hii ninayoitetea, ila haikuipa jina.

Tundu hizo zastahili heshima yake. Ile plagi nyekundu na nyeupe huitwa RCA, kwa jina la kampuni ya Kimarekani iliyoianzisha kabla ya mwaka 1950 kwa ajili ya kuunganisha gramafoni na redio. Haina programu. Haiulizi nenosiri. Sauti hupita ndani yake kama mawimbi ya umeme, na amplifaya huyakuza. Kwa sababu ya tundu hiyo, chombo cha CD, kilichoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982, kiliweza kuchomekwa katika amplifaya iliyoundwa mwaka 1970 na watu ambao hawakuwahi kuota diski ya leza. Kwa sababu ya tundu hiyohiyo, kompyuta ya leo yaweza kuchomekwa humo pia. Amplifaya iliyotengana haihitaji kuijua kesho. Yahitaji mlango tu, na kesho itaingia yenyewe.

Mlango huo hufunguka pia upande wa jana. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV. Mtu aliyeitunza santuri moja ya wakati ule anaweza kuipiga leo, akiwa na kinanda chenye mwendo wa mizunguko 78 na sindano inayofaa, kisha akaipeleka sauti hiyo katika amplifaya ya kawaida. Takriban miaka mia moja imepita na makubaliano baina ya sindano na amplifaya hayajavunjwa. Nionyeshe huduma ya intaneti iliyotimiza hata robo ya umri huo bila kubadili masharti.

Wapo watakaoleta hoja kali zaidi, nami siikwepi. Watasema: hata hiyo amplifaya yako ni muungano! Hapo zamani sehemu ya kupokea na kurekebisha sauti ilikuwa sanduku lake, na sehemu ya kutoa nguvu sanduku jingine. Quad ya Uingereza iliuza 33 na 303 kama vyombo viwili tangu mwaka 1967. Wewe umekubali viunganishwe, kwa nini sisi tukiongeza intaneti unapiga kelele? Mpaka wako umeuchora wapi?

Naujibu hivi: mpaka umechorwa na umri. Vinavyozeeka pamoja na viishi pamoja. Kitufe cha sauti, transista na transfoma ni wazee wa rika moja; kuviweka katika sanduku moja ni busara, na kunapunguza gharama. Ndiyo maana amplifaya ndogo ya NAD 3020, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na wati zake 20 tu kwa kila upande, ilienea ulimwenguni, na leo bado watu wanaitafuta na kuitengeneza. Tena hata hiyo iliachiwa vijichuma viwili nyuma: ukivichomoa, nusu mbili za amplifaya zinaachana, na kila nusu yaweza kufanya kazi na chombo kingine. Walioiunda waliunganisha, lakini waliacha talaka iwezekane. Muungano wa namna hiyo sina neno nao. Ninaoukataa ni ule wa kumwoza bibi wa miaka 40 kwa mtoto wa miaka mitano, halafu mtoto akifa bibi azikwe naye.

Na hii si mara ya kwanza kuletewa sanduku moja. Wazazi wetu walioweza walinunua radiogramu, kabati la mbao lenye redio na kinanda cha santuri chini ya mfuniko. Ilipendeza sebuleni. Miaka ya 1970 likaja sanduku pana lenye mfuniko wa plastiki, ndani yake kinanda, kaseti na redio vikiwa bega kwa bega. Nalo lilipendeza. Kisha mkanda wa kaseti ukayeyuka, sindano ikapotea, na mwenyewe akawa na sanduku la upana wa meza ambalo ndani yake amplifaya nzima ilikuwa ikingoja kazi. Lilifunikwa kitambaa cha kufuma, likawekwa vazi la maua. Mengi yalimalizia maisha yake hivyo, kama meza. Leo mjukuu wake ni sabufa ya Kariakoo, yenye redio, tundu la flashi, kadi ya memori na bluututhi. Bei yake ni ya mwananchi, simlaumu anayeinunua. Lakini mwulize muuzaji kama atakutengenezea ikiharibika baada ya miaka mitatu, uone atakavyotazama pembeni.

Nina mpwa wangu anayefanya kazi ughaibuni. Miaka tisa iliyopita alikuja likizo na sanduku moja, zuri kweli, la kampuni ambayo sitaitaja, akaliacha kwa mama yake, yaani dada yangu. Aliniambia, "Mjomba, hayo mavyuma yako yape wauza skrepa." Nilimjibu, "Haya, mjomba. Tuombe uzima." Sanduku lilipiga muziki vizuri miaka sita. Kisha programu yake ya simu ikasasishwa, na baada ya kusasishwa ikakataa kulitambua. Sanduku halikuwa na kitufe hata kimoja usoni. Bila simu halikuweza kuongezwa sauti wala kupunguzwa. Mpwa wangu aliwaandikia wenye kampuni. Wakamjibu kwa adabu kwamba toleo hilo halihudumiwi tena, na kwamba angepewa punguzo akinunua jipya.

Hapo ndipo jambo liliponiuma, na halikuwa jambo la fedha tu. Dada yangu ana kanda za kaseti za harusi yake ya mwaka 1979, taarabu ya usiku kucha, na katikati ya nyimbo inasikika sauti ya mama yetu akiwahimiza watu waje kula. Mama alifariki mwaka 1991. Picha zake tunazo mbili. Sauti yake imo katika kanda hizo tu. Dada aliniomba nimtafutie deki ya kaseti aunganishe na lile sanduku. Deki niliipata. Sanduku halikuwa na tundu. Lilikuwa limeundwa na watu walioamini kwamba muziki wote wa dunia umo katika intaneti, na kwamba kisichokuwamo humo hakipo. Nilimpelekea amplifaya ya zamani iliyokuwa stoo kwangu, tukachomeka nyekundu kwa nyekundu na nyeupe kwa nyeupe, na mama akatuita kula.

Sanduku nalo nililipeleka kwa fundi wangu, mtu aliyekaa katika meza ya redio zaidi ya miaka 30, na ambaye vyombo hivi Wazungu wanavyoviita hi-fi yeye kwa mzaha huviita "haifai". Alilifungua, akalitazama kwa miwani yake, akaniambia, "Mzee, hapa hakuna pa kushika." Alikuwa na haki. Bodi moja, chipu moja kubwa isiyo na miguu inayoonekana, programu iliyofungwa kwa kufuli la kampuni. Fundi huyohuyo aliibadilishia amplifaya yangu kapasita mwaka 2004, na mwaka 2015 akaitia kitufe kipya cha sauti. Amplifaya hiyo niliinunua mwaka 1986 kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Tangu wakati huo imehudumiwa na vinanda vitatu, deki mbili, vyombo viwili vya CD, na sasa kifaa kidogo cha intaneti kisichozidi ukubwa wa sabuni ya kuogea. Wote hao wamekuja na wengine wamekwenda. Yenyewe ipo.

Fundi ana sehemu katika hoja hii. Transista kama ile ya 2N3055, iliyozaliwa miaka ya 1960, huuzwa hadi leo, na hakuna fundi wa redio wa zamani asiyeijua kama anavyolijua jina la mkewe. Elimu ya kutengeneza chombo chenye transista hizo imo mikononi mwa watu wa mitaani kwetu. Elimu ya kulifufua sanduku lililofungwa imo katika ofisi moja ng'ambo, na ofisi hiyo haina haja ya kuitoa, kwa kuwa inauza masanduku mapya. Tukikubali kwamba vyombo vyote viwe hivyo, hatununui tena vyombo. Tunalipa kodi ya pango kwa mwenye nyumba ambaye hatumjui, na siku akitaka nyumba yake hatutakuwa na la kusema.

Na umeme wetu tunaujua. Hukatika saa moja, hurudi saa tatu kwa kishindo. Ikija dhoruba hiyo katika seti ya vipande, kila kimoja kina fyuzi yake. Kimoja kikiungua, vinne vinabaki. Amplifaya ikienda kwa fundi wiki mbili, jirani ataniazima yake. Sanduku moja likiungua, nyumba nzima imekuwa kimya. Kisha linakwenda wapi? Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo yake. Sitaki amplifaya nzima iongezwe katika rundo hilo kwa kosa la kompyuta iliyofungwa nayo.

Watetezi wa sanduku wana neno la mwisho, nalo ni waya. Wanasema nyuma ya rafu yangu kama kiota cha kunguru. Kweli. Mke wangu amelisema hilo kwa lugha kali kuliko yao, naye ndiye anayefagia. Lakini waya hufungwa pamoja kwa kamba ya plastiki ya shilingi chache, zikanyamaza. Ugonjwa wa waya una dawa. Ugonjwa wa programu iliyoachwa hauna, isipokuwa kwa rehema ya mwenye programu.

Tena baadhi ya watengenezaji wenyewe wameiona hatari hii. NAD, walewale wa 3020, wana amplifaya ambazo sehemu yake ya dijitali ni kadi inayochomolewa kwa nyuma na kuingizwa nyingine mambo yakibadilika. Hilo ni jambo jema. Lakini maana yake ni nini, kama si kukubali kwamba sehemu hiyo haistahili kufungwa moja kwa moja na wenzake? Wametenganisha bila kulitaja neno kutenganisha.

Basi sitamwambia mtu asinunue sanduku moja. Nitamwambia aulize maswali matatu kabla ya kufungua pochi. La kwanza: intaneti ikizimwa leo, na simu yangu ikiibiwa kesho, sanduku hili litapiga nini? La pili: lina tundu nyuma za kuingiza sauti kwa waya, na kitufe cha sauti kinachoshikika kwa vidole? La tatu: sehemu itakayokufa kwanza, fundi wa mtaani kwangu anaweza kuichomoa na kuacha nyingine zikiishi? Likijibu vizuri yote matatu, nunua. Siku intaneti yake itakapokufa litakuwa amplifaya ya kawaida, na utaishi nalo kwa amani. Likishindwa mawili, jua kwamba unanunua kitu chenye tarehe ya kuisha ambayo haikuandikwa katika boksi.

Hasa nalisema hili kwa wastaafu wenzangu, ambao kiinua mgongo kimewafika na vijana wanawashawishi. Fedha hiyo haiji mara mbili. Amplifaya iliyotumika, nzima, iliyokaguliwa na fundi, pamoja na kifaa kidogo cha intaneti cha bei nafuu pembeni yake, itakupa muziki uleule wa sanduku la bei mara tano, na kitakachokufa ni kile cha bei nafuu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha umechakaa, ndiyo, lakini ni wako, na ukitoboka unashonwa.

Mimi vyombo vyangu ni vitano na warithi wangu ni watano. Nimekwisha waambia kila mmoja atachukua kipi. Mpwa wangu si miongoni mwao, lakini aliponipigia simu mwezi uliopita aliniuliza kama ile amplifaya niliyompelekea mama yake itabaki pale pale. Nilimwambia itabaki.